Mito Minne Kitandani mwa Bibi

Kila asubuhi, kabla birika halijachemka, mizani ilivutwa kutoka chini ya kitanda cha bibi na kuwekwa juu ya saruji, mahali palipochorwa alama ya chaki. Bibi alikuwa ameshakwenda msalani, hajanywa hata funda la maji, na amevaa gauni lake jepesi la kijani, lilelile kila siku. Alipanda polepole, akashika bega la mjukuu wake mmoja, akatazama ukutani kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Usicheke, bibi. Ukicheka mshale unacheza."

"Nesi amenikataza chumvi tu. Kicheko hajanikataza!"

Aliyeshikwa bega alikuwa Miwani. Watoto wa mtaani walimpa jina hilo siku ya kwanza walipomwona, kwa sababu miwani yake ilikuwa mikubwa kuliko uso. Aliinama, akausoma mshale, akaandika kwenye daftari la bluu kwa herufi zilizonyooka kama zimepigwa rula: kilo sitini na mbili.

Mlangoni, akiwa amekunja mikono, alisimama mjukuu wa pili, Chiriku. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, ambaye hupenda kusimulia kwamba mtoto huyu alianza kuongea kabla hajaota meno, na tangu hapo hajapumzika. Lakini wakati wa kupima uzito Chiriku hakuongea. Alikuwa akiutazama ule mkono wa bibi juu ya bega la Miwani, na roho ikimuuma.

Hebu fikiri. Miaka kumi na miwili yote Chiriku ndiye aliyelala chumba kimoja na bibi. Ndiye aliyemchana nywele, ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano, ndiye aliyejua sanduku la peremende limefichwa wapi. Kisha bibi akaugua moyo, akalazwa wiki tatu. Aliporudi nyumbani, shule zilikuwa zimefungwa, na mama mdogo akamleta binti yake, Miwani, aje kusaidia. Miwani alimzidi Chiriku miezi mitano tu. Wiki moja haikupita, akawa amekamata kila kitu.

Mambo yalianza siku ile muuguzi wa mtaa alipokuja na mkoba wake mweusi. Alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya raba na sauti ya taratibu. Mama yake Chiriku alikuwa zamu kwenye kiwanda cha mikate, kazi inayomtoa nyumbani kabla jua halijachomoza, kwa hiyo baba ndiye aliyempokea. Muuguzi alieleza kwamba moyo wa bibi umechoka kusukuma damu, na moyo ukichoka, maji hubaki mwilini. Huvimbisha miguu, na yakizidi huingia mapafuni.

"Sasa nimekuelewa," alisema baba, ambaye ni fundi bomba. "Pampu ikipungua nguvu, maji yanarudi nyuma, yanajaa kwenye tangi la chini."

"Umesema vizuri kuliko mimi, fundi. Ndiyo maana nataka apimwe uzito kila asubuhi. Maji yana uzito. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, msisubiri niwatembelee. Nipigieni simu siku hiyohiyo."

Halafu akawageukia wasichana wawili. "Nahitaji mtu wa kuandika. Haya, kila mmoja aweke vidole viwili hapa kwenye kifundo cha mkono wa bibi, mmoja kulia, mwingine kushoto. Mtahesabu mapigo dakika nzima, bila kusema neno."

Chiriku alihesabu. Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja... Kisha swali likamjia, na swali likimjia Chiriku, hutoka.

"Nesi, hivi moyo ukisahau pigo moja, unalilipa baadaye?"

Muuguzi alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Swali zuri sana, mwanangu. Lakini hesabu imekupotea."

"Themanini na nne," alisema Miwani kimyakimya.

"Hata mimi nimepata themanini na nne." Na daftari la bluu likaenda kwa Miwani. Muuguzi alimwonyesha namna ya kuanza. "Kabla bibi hajapanda, angalia mshale umekaa kwenye sufuri. Kila siku. Hata kama umeangalia jana."

Kwa Chiriku alisema, "Wewe unalala naye chumba kimoja? Basi utakuwa macho yangu ya kitandani. Nataka ujue analalia mito mingapi, na akitembea kwenda bafuni anasimama mara ngapi kupumzika. Maji yakianza kuingia mapafuni, mtu hawezi kulala chali. Anaongeza mto ili apumue."

"Mito miwili," Chiriku alijibu kwa shingo upande. Moyoni alijisemea, kazi gani hii ya kuhesabu mito? Hata paka angeiweza.

Siku zikaenda. Bibi akaanza kumwita Miwani "karani wangu." Karani wangu, njoo unisomee tarehe ya kliniki. Karani wangu, leo nina ngapi? Wageni wakija kumjulia hali, bibi hulitoa daftari na kuwaonyesha. "Tazameni mwandiko huu! Utadhani umetoka kiwandani." Wageni hutazama, hutikisa vichwa, humsifu Miwani, na Miwani huisukuma miwani yake juu ya pua kwa kidole kimoja. Chiriku aliuchukia mno ule mtindo wa kusukuma miwani kwa kidole kimoja.

Jumapili mchana ndipo uzi ulipokatika. Bibi alifungua droo ya kabati lake, akatoa kalamu ya marehemu babu, ile nyeusi yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Kalamu ambayo Chiriku hakuwahi kuruhusiwa hata kuigusa.

"Karani wangu, mwandiko kama wako haufai kuandikwa kwa kalamu ya plastiki. Chukua."

Chiriku alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akikunja nguo za bibi. Alingoja bibi aseme, "Na wewe, Chiriku, nimekuwekea hiki." Bibi hakusema. Alikuwa anacheka kumwona Miwani akiijaribu kalamu kiganjani.

Alasiri bibi alipotoka kuota jua na Miwani alipokwenda kuoga, Chiriku aliivuta mizani kutoka chini ya kitanda. Alikuwa amemwona baba akiitengeneza siku ilipoletwa. Ubavuni ina kigurudumu kidogo, ukikizungusha mshale unasogea. Alikizungusha. Mshale ukarudi nyuma ya sufuri, mstari mmoja, miwili, mitatu, minne. Kila mstari ni nusu kilo. Akaisukuma mizani mahali pake, akajipangusa mikono kwenye sketi ingawa haikuwa na vumbi.

Alikuwa ameshaipanga kichwani. Kesho Miwani atasoma sitini badala ya sitini na mbili. Keshokutwa vilevile. Jumatano muuguzi atakuja, atashangaa, ataikagua mizani, na kumuuliza karani, "Hukuangalia sufuri?" Basi daftari litabadilisha mikono, na pengine na kalamu.

Jumatatu asubuhi Miwani aliinama, akasoma, akavua miwani akaifuta kwa gauni, akasoma tena.

"Sitini! Bibi, umepungua kilo mbili!"

Chiriku alingoja waone kasoro. Badala yake bibi alipiga makofi palepale juu ya mizani. "Mnaona? Maji yamekwisha! Karani wangu ananiponya mwenzenu!" Baba alichungulia dirishani akiwa na mabomba begani. "Hongera, mama! Pampu imekubali!" Bibi akambusu Miwani utosini.

Chiriku alitoka nje akaenda kupiga teke ndoo tupu. Ametega mtego, na aliyenaswa ni yeye.

Jumanne mizani ilionyesha sitini na moja. Jioni ile muuguzi alipiga simu, na Miwani akamsomea namba zote kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Simu iliwekwa sauti kubwa, kila mtu akasikia.

"Sitini na mbili, kisha sitini, sasa sitini na moja," alirudia muuguzi. "Pengine zile siku za mwanzo alipimwa na sweta. Hana kizunguzungu? Miguu haijavimba?"

"Hapana, nesi. Leo ameimba."

"Basi vizuri. Nimepata mgonjwa mpya ng'ambo ya mji ambaye hali yake si nzuri. Kesho sitakuja kwenu, nitakuja Jumatatu. Endeleeni hivyohivyo."

Jumatatu! Chiriku alifungua mdomo. Alimtazama Miwani akifunga kalamu ya babu kwa uangalifu, *tik*, na mdomo ukajifunga tena. Alijiambia kwamba Jumatatu si mbali.

Jumatano, walipokuwa wakitandika kwa ajili ya kulala, bibi alisema, "Chiriku wangu, niazime mto wako. Kifua kinataka kuinuliwa kidogo." Mito ikawa mitatu. Chiriku alilala bila mto, hakuuliza kitu, lakini aliihesabu.

Alhamisi alipoamka alimkuta bibi amekaa zaidi kuliko kulala. Nyuma ya mito mitatu alikuwa amesokota koti zito la mvua, akalikunja likawa mto wa nne. Macho yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hakupata usingizi.

"Bibi, umelala kweli?"

"Nimesinzia... kidogo."

Bafuni ni hatua kumi na nane kutoka kitandani, Chiriku alikuwa amezihesabu zamani. Bibi alisimama kwenye hatua ya saba akashika ukuta. Akasimama tena kwenye ya kumi na mbili. Waliporudi, Miwani alikuwa tayari na daftari. Bibi alipanda mizani, hakufanya mzaha wowote.

"Sitini na mbili," alisema Miwani. Aliandika: *62. Kama kawaida.* Kisha akaenda jikoni kuangalia uji.

Chiriku alipiga magoti kumvisha bibi ndala zake za mkanda. Mkanda haukufika kwenye kifungo. Jana ulifika. Alibonyeza muundi wa bibi kwa kidole gumba kama alivyomwona muuguzi akifanya, akakitoa. Kishimo kilibaki palepale, kama kidole kwenye unga uliokandwa. Alihesabu mpaka tano, hakijarudi.

Hapo akili yake ikapiga hesabu ambayo katika nyumba nzima ni yeye tu angeweza kuipiga. Sitini na mbili, ongeza mbili zilizofichwa. Sitini na nne.

Wazo lilimjia haraka, tena lilikuwa zuri mno. Angeweza kukirudisha kile kigurudumu sasa hivi, kimyakimya. Kesho asubuhi Miwani angesoma namba ya kweli, angepiga kelele, muuguzi angeitwa, na hakuna ambaye angejua kitu. Kungoja siku moja tu. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mizani.

"Chiriku..." alisema bibi, akanyamaza kuvuta pumzi, "...wangu. Nifungulie... dirisha."

Maneno manne, na bibi amepumzika mara mbili. Dirisha lilikuwa wazi tangu alfajiri.

Chiriku aliiacha mizani, akatoka mbio. Baba alikuwa uani anafunga mabomba kwenye baiskeli.

"Baba, mpigie nesi. Sasa hivi."

"Kuna nini? Karani amesema kama kawaida."

"Si kama kawaida! Mizani inadanganya. Mimi... mimi ndiye niliyegeuza mshale. Jumapili. Nilitaka Miwani aonekane hajui kazi. Bibi ana sitini na nne, baba, na amelalia mito minne, na mguu unabaki na shimo!"

Bomba moja lilimponyoka baba, likalia juu ya mawe. Alimtazama binti yake, na yale macho Chiriku aliyaona mabaya kuliko kiboko. Alitoa simu mfukoni.

Mlangoni mwa jikoni alisimama Miwani na mwiko wa uji mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Muuguzi alifika kwa pikipiki kabla uji haujapoa. Chiriku alidhani ataanza kwa kugombeza, lakini hakumtazama mtu zaidi ya mgonjwa. Aliketi karibu na kitanda, akasalimia, na kwa dakika nzima hakugusa kitu. Alitazama tu kifua cha bibi kikipanda na kushuka, huku saa yake ikiwa kiganjani. Akatazama mshipa wa shingo, jinsi ulivyosimama. Ndipo akapima presha, akambana bibi kidole kwa kibanio chenye taa nyekundu kinachopima hewa kwenye damu, akamwinamisha mbele na kusikiliza mgongo, juu, katikati, chini.

"Chini huku pana sauti ya maji," alisema. "Nani aliyegeuza mizani?"

"Mimi, shikamoo, nesi," alisema Chiriku, maneno yakitoka yamepinduka.

"Marahaba. Lini, na kiasi gani?"

"Jumapili alasiri. Mistari minne. Kilo mbili."

"Una hakika?"

"Nilihesabu."

"Haya. Hilo ndilo ninalolihitaji sasa, mengine baadaye." Alirudisha mshale kwenye sufuri kwa mkono wake, wakamsimamisha bibi kwa kumshika pande zote mbili. Sitini na nne kamili. Muuguzi alichukua daftari, akaongeza mbilimbili kwa kila siku. Sitini na mbili, sitini na tatu, sitini na tatu na nusu, sitini na nne. "Kilo mbili kwa siku tatu. Bibi, kile kidonge cha kutoa maji unakinywa?"

Bibi alitazama ukuta, kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Bibi."

"Kinanipeleka chooni kama mtoto... Na Jumatatu niliambiwa nimepungua. Nikasema nimepona." Alinyoosha kidole kwenye mkoba wake wa zamani. Ndani ya kimfuko cha pembeni baba alikuta vidonge vinne vimefungwa kwenye leso.

Chiriku alivihesabu: kimoja kwa kila siku tangu Jumatatu. Kumbe ile namba ya uongo haikuficha maji tu. Ndiyo iliyoyaleta.

Muuguzi alizungumza na daktari kwa simu, kwa maneno mafupi na namba nyingi. "Tunakwenda hospitali sasa. Atachomwa sindano ya kutoa maji, atakaa siku chache. Fundi, tafuta gari. Aketi wima kwenye kiti cha mbele, asilazwe." Alipokuwa akifunga mkoba aliongeza, taratibu, "Tungengoja hadi Jumatatu, sijui tungemkuta katika hali gani."

Gari lilipoondoka, nyumba ilibaki na wasichana wawili na sufuria ya uji ulioganda. Miwani aliketi kizingitini. Alikuwa amevua miwani, na bila miwani uso wake ulionekana wa mtoto mdogo.

"Sema tu," alisema Chiriku. "Nitukane."

"Ungeniomba. Ungesema, Miwani, tupokezane zamu."

"Ningekuomba ungekubali?"

Miwani alifikiri. "Ningekataa," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini ungeniomba."

Wakakaa. Jogoo wa jirani alipita akawatazama kwa jicho moja, akaenda zake.

"Na mimi nimekosa," alisema Miwani. "Nesi aliniambia niangalie sufuri kila siku. Niliangalia siku tatu za mwanzo tu, nikajiona nimeshakuwa bingwa. Ningeangalia Jumatatu, ningejua." Aliivaa miwani yake tena. "Halafu wewe unalia nini kuhusu daftari? Wewe unalala naye chumba kimoja. Usiku nawasikia mnacheka huko ndani. Mimi ninalala sebuleni, nina daftari tu. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nikachoka."

Chiriku alimgeukia, mdomo wazi. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba yeye pia anaweza kuonewa wivu.

Bibi alirudi Jumanne, amepungua uso na ndala zikimkaa vizuri. Mama aliomba ruhusa kiwandani akaja na mkate usiotiwa chumvi, ambao bibi aliuonja na kusema una ladha ya karatasi, lakini ni karatasi iliyookwa kwa upendo. Alilalia mito miwili. Aliwaita wajukuu wake, mmoja kila upande.

"Nimefikiri sana kule wodini," alisema. "Chiriku alidanganya mizani, karani hakuangalia mshale, na mimi nikaficha vidonge. Katika nyumba hii iliyosema kweli ni mito peke yake."

Baba alicheka kwanza, kisha mama, na hatimaye hata Chiriku, ingawa machozi yalikuwa yakimtoka. "Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe tangu ulipotoka mbio kwenda uani. Nilikusikia. Nilikuwa sina pumzi, lakini masikio ninayo." Alimfuta shavu kwa kiganja. "Na mimi nina langu. Nilikuwa nimekuzoea mno, Chiriku. Mtu husahau kuishukuru hewa mpaka imkatikie. Hata hivyo, ungeniambia kwamba unaumia. Mdomo huo wote ulikuwa wa nini?"

Muuguzi alifika mchana. Alifungua daftari la bluu kwenye ukurasa wa wiki ile, akamsogezea Chiriku pamoja na kalamu ya babu. Chiriku aliitazama kalamu. Alikuwa ameitamani sana, na sasa ilikuwa nzito.

"Namba hizi si za kweli," alisema muuguzi. "Zirekebishe."

Chiriku alitafuta kifutio kwa macho.

"Hapana. Daftari la mgonjwa halifutwi, wala halipakwi wino likafichika. Unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa, ili lisomeke bado. Pembeni unaandika namba ya kweli, tarehe, na saini yako. Nami nilishawahi kukosea nilipokuwa mwanafunzi. Kosa langu lipo mahali, na mstari wangu, na jina langu. Mwenzangu wa zamu alilisoma akajua afanye nini, na mgonjwa akapona."

Chiriku alipiga mstari mmoja, wa pili, mpaka wa nne. Aliandika namba za kweli. Alipoweka saini, mkono wa Miwani ulikuja ukaichukua kalamu, na chini yake Miwani akaandika, *Sikuangalia sufuri,* akaweka saini yake pia.

Muuguzi alisoma saini zote mbili, akageuza ukurasa.

"Sikilizeni, wanangu. Wivu utawajia tena, hamtaukwepa. Hata sisi wauguzi tunaoneana wivu. Ukikujia, useme kwa mtu. Ukiunyamazia, utakutafutia kazi ya kufanya gizani. Na kazi ya kumtunza mgonjwa haina ndogo. Ningekuwa na daftari peke yake, wiki iliyopita ningedanganyika, na kweli nilidanganyika. Yule aliyepewa mito ndiye aliyeona. Lakini kuona hakukumsaidia bibi mpaka alipokubali kusema, na kusema hata lile linalomwaibisha yeye mwenyewe. Hapo ndipo alipoanza kuwa muuguzi."

Alichora mstari wa kusimama katikati ya ukurasa mpya. Upande mmoja akaandika *uzito,* upande wa pili *mito na hatua.* "Mtapokezana kila wiki. Na wote wawili mtaangalia sufuri."

Kisha akatoa saa yake. "Sasa mapigo. Chiriku, njoo. Dakika nzima."

Chiriku aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa bibi. Ngozi ilikuwa laini na ya joto. Chini yake moyo ulibisha, taratibu, moja, mbili, tatu. Thelathini ikapita. Thelathini na moja ikapita. Swali lilimjia, kubwa tu, akalimeza. Arobaini, hamsini, sitini. Miwani alibana pumzi. Baba aliacha kufunga kiatu.

"Sabini na sita," alisema Chiriku.

"Sabini na sita," alisema muuguzi, akaandika.

Bibi alifungua jicho moja. "Nesi, mpime na huyu haraka. Dakika nzima hajasema neno. Huenda amezimia!"